Wimbo wa Tisa Ulikuwa Koboko

Sikiliza, wewe uliyenipigia simu mara tatu, na wewe uliyekuja hadi mlangoni kwangu Luzira ukaambiwa nimelala. Sikuwa nimelala. Sikujua nianzie wapi. Sasa vuta kiti, punguza sauti ya hiyo gemu yako, nikusimulie kwa mpangilio. Swali lenu nyote ni moja, "Ulirudi nao?", na jibu lake halieleweki mpaka uende nami njia nzima.

Kwa ambao hawajawahi kufika kwenye chumba chetu cha Jumapili pale Kasubi, nieleze kidogo. Sisi hufufua gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti ya plastiki, ambazo watu wazima walizitupa na watoto wa leo hawazijui. Zikifufuka, tunatengeneza za kwetu. Mimi na Swaleh tulikuwa na moja. Mtoto wa kota za askari magereza anarusha tiara ya karatasi za nailoni, inapita juu ya ukuta, juu ya mabati, mpaka ziwani Port Bell. Picha nilizichora mimi kwenye daftari la hesabu, kisanduku kwa kisanduku, kwa penseli za rangi nne. Muziki ulikuwa wa Swaleh. Hatua tisa, nyimbo tisa.

Nane nilikuwa nazo kwenye kompyuta yangu. Wa tisa, ule wa mwisho tiara inapogusa maji, alikuwa anautunga wakati ule ugonjwa wa damu aliozaliwa nao ulipomrudisha kwao Koboko. Siku moja alinipigia.

"Apio, nimeumaliza. Uko nafasi ya tisa."

"Nichezee basi."

"Kwa simu? Utasikika kama nzi ndani ya chupa. Ngoja nirudi."

Hakurudi. Watu wake ni Waislamu, walimzika siku ileile aliyofariki, kabla ya alasiri. Habari iliponifikia, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Jambo moja lazima ulielewe kabla hatujapanda basi. Nyimbo zake Swaleh alizitungia ndani ya kaseti ya gemu, na kaseti ya namna ile haiandiki wimbo popote. Inaushika tu, na nguvu ya kuushika inatoka kwa betri ndogo ya duara iliyo ndani. Baba yangu alikuwa askari magereza. Alikuwa akituambia juu ya mwenzake aliyeshika hesabu ya wafungwa kichwani bila kuandika. Askari wa namna hiyo ukimbadilisha, lazima wa zamu mpya asimame kando yake kwanza, apokee hesabu. Ukimwondoa bila makabidhiano, hesabu imekwenda naye. Betri ile ndiyo huyo askari. Kaseti ya Swaleh niliitengeneza kwa mikono yangu, na badala ya kulehemu betri niliiwekea kishikio, ili mtu aweze kuibadilisha kwa ukucha. Niliringa sana kwa wazo hilo, mnakumbuka.

Siku chache baada ya maziko nilimpigia baba yake, Mzee Taban, mwanajeshi mstaafu aliyefanya kazi ya redio maisha yake yote. Nilimpa pole. Kisha, mnanijua, nikaanza kueleza. Nikamwambia atoe betri kwenye mashine ya Swaleh kwa sababu zikikaa muda mrefu huvuja na kula kila kitu. Nikamwambia arobaini nitakuja, nitautoa wimbo, watausikia.

"Ujumbe umepokelewa," alijibu.

Luzira hadi Arua Park

Nilitoka nyumbani alfajiri nikiwa na begi moja: chuma cha kulehemu, nyaya, kifaa changu cha kunakilia kaseti, mashine yangu yenye nyimbo nane, na gauni la kuvaa kwenye dua. Arua Park, stendi ile ya Kampala, mabasi ya kaskazini yamepangana mdomo kwa mdomo, na kila utingo anaapa kwamba lake ndilo la kwanza kuondoka.

"Nyabo, ingia, tunaenda saa hii! Imebaki watu wawili tu."

Niliingia. Watu wawili hao niliwahesabu wakiingia, nikafika ishirini na tatu, nikaacha.

"Ssebo, si ulisema wawili?" nilimuuliza.

"Wawili wawili, nyabo," alisema bila aibu, na basi zima likacheka.

Nilicheka pia, niwe mkweli. Ilikuwa siku ya kabla ya arobaini, nilikuwa na muda wa kutosha, na nilikuwa na hakika kwamba naenda kuchukua kitu kilichokuwa kikinisubiri.

Pembeni yangu alikaa mama wa Kikongo, mnene, mwenye vitenge viwili na mfuko wa viatu. Alijitambulisha: Mama Furaha, anaishi Kampala tangu akimbie vita, sasa anapeleka viatu soko la Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka wa Arua. Kabla hatujamaliza foleni ya kutoka mjini alikuwa ameshanilisha mahindi ya kuchemsha na kuniuliza kama nimeolewa.

Kizuizi cha Karuma

Baada ya Luweero na baada ya nyanda zile za ng'ombe nilisinzia. Nilizinduka watu wanashuka. Tulikuwa kwenye kizuizi kabla ya daraja, na askari walikuwa wanapekua mizigo kama kawaida.

Wa kwangu alikuwa kijana mrefu, mpole. Alifungua begi, akaona nyaya, akaona kibao cha kijani chenye vichuma, akaona chuma cha kulehemu. Upole ukaondoka usoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni gemu, afande."

"Gemu iko na waya namna hii?"

"Ni ya kunakili kaseti, afande. Nieleze?"

Ndilo kosa langu la siku zote, kutaka kueleza. Nilianza na kaseti, nikaingia kwenye betri, nikafika kwenye kumbukumbu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyorudi nyuma. Alimwita mkubwa wake. Begi likawekwa peke yake katikati ya lami, abiria wakasogezwa mbali, na basi zima likaanza kunilaumu kwa lugha sita.

Yule mkubwa alinitazama. "Wewe umetoka wapi, unasema Kiswahili cha lain, cha kambini, hivi?"

"Mimi ni mtoto wa kota, afande. Luzira. Baba yangu alikuwa magereza."

"Mtoto wa kota anabeba bomu?"

"Angebeba, angelifunga vizuri zaidi ya hivi."

Hakucheka, lakini alisema niiwashe mashine mwenyewe, wao wakiwa mbali. Nilipiga magoti kwenye lami, nikaiwasha, nikacheza wimbo wa tatu, ule wa kuruka juu ya mabati. Vispika vya mashine ile ni vidogo kama kifungo, lakini barabara ilikuwa kimya. Yule kijana mrefu akaanza kutikisa kichwa bila kujua.

"Nani amepiga hii?"

"Rafiki yangu. Amekufa. Naenda kwao Koboko kuchukua wimbo wake wa mwisho."

Mkubwa alifunga begi langu yeye mwenyewe, pole pole. "Koboko mpe baba yake pole," alisema. Tulivuka daraja. Nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara wakingoja maganda, na hakuna aliyezungumza nami mpaka tulipowapita, isipokuwa Mama Furaha aliyesema, "Dada, weye utauwa mutu na maelezo."

Kuharibika njiani, kisha Pakwach

Kabla ya Pakwach basi lilikohoa, likatoa moshi, likasimama. Dereva aliingia chini yake na hakutoka kwa saa nne. Tulikaa kwenye kivuli chembamba cha basi lenyewe, tukisogea kila jua liliposogea.

"Sasa nieleze miye," alisema Mama Furaha. "Ulishindwa kueleza askari. Miye iko na saa ya kusikia. Ile wimbo iko inalala wapi?"

Nilimweleza. Nilifurahi, niwaambie ukweli, kwa sababu anasikiliza vizuri. Nikamwonyesha kaseti yangu, nikaifungua kwa kisu kidogo, nikamwonyesha betri ya duara ikiwa imelala kwenye kishikio chake. Nikampa mfano wa askari na hesabu.

"Kwa hiyo ile ikitoka, wimbo inakufa."

"Inakufa palepale."

"Na baba ya kijana anajua?"

"Nilimwambia asubiri nifike."

"Ulimwambia nini? Sema vile vile ulimwambia."

Nilifungua mdomo nirudie maneno yangu, na hapo ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwambia, Mzee, toa betri zote, usiache hata moja. Nilikuwa nafikiria zile nne kubwa za mgongoni mwa mashine. Sikutaja kwamba ni nne. Sikusema kaseti isiguswe. Mimi ambaye hueleza mpaka watu wanakimbia, siku ile nilieleza nusu.

Mama Furaha alinitazama mkononi, akaitazama ile kaseti iliyo wazi. Alichukua kifuniko, akanifungia.

Mtandao ulikuja na kuondoka. Nilipanda juu ya kichuguu kando ya barabara, nikampata Mzee Taban mara ya tano.

"Binti! Uko wapi?"

"Karibu na Pakwach, Mzee. Basi limeharibika. Mzee, ile mashine..."

"Iko tayari. Nimefanya yote kama ulivyoagiza. Hapa wanachinja, nitakuona kesho."

Kulikuwa na nafasi hapo. Pumzi moja. Ningeweza kuuliza, "Betri ngapi?" Sikuuliza. Nilisema, "Asante, Mzee," nikashuka kwenye kichuguu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani nilitaka usiku mmoja zaidi ambao wimbo ule bado upo.

Jioni gari la mizigo lilituvuta hadi Pakwach. Tulipata vitanda kwenye nyumba ya wageni karibu na daraja la Nile. Mama Furaha aliagiza samaki wa mchuzi na ugali wa muhogo, akala sehemu yake na yangu, kisha akaniuliza nabeba nini kwenye msiba. Nikamwambia nabeba kifaa cha kunakilia.

"Unaenda kwa watu ya kilio na manyaya?" Alipiga makofi mara moja. "Batu ya Kampala, Mungu awasaidie."

Asubuhi aliniburuta sokoni, akachagua samaki wakavu, akabishana nao bei kana kwamba walikuwa hai, akawafunga kwenye gazeti na kuwasukuma ndani ya begi langu, juu ya kila kitu. Mpaka leo kifaa changu kinanuka. Ukikishika Jumapili, utajua sababu.

Pakwach hadi Koboko

Basi jingine lilitubeba kupitia Nebbi. Vilima, mihogo, vumbi jekundu. Pale Arua, Mama Furaha alishuka na viatu vyake. Aliniinulia uso kutoka nje ya dirisha.

"Kama imekufa, useme," aliniambia. "Usimupe baba wimbo ya uongo. Miye nilipewa maneno ya uongo juu ya mutoto yangu. Mwaka muzima niliishi nayo."

Akaondoka kabla sijajibu. Sikuwa nimejua kwamba aliwahi kupoteza mtoto.

Kutoka Arua hadi Koboko nilikuwa na saa nzima ya kujipangia. Nadhani mmeshakisia: nilikuwa na mpango. Wimbo wa nane hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuusikia. Ni mzuri. Ningeuchomeka, ningesema ni wa tisa, na nani angejua?

Nyumba ya Mzee Taban

Nilifika dua imeshaanza. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mkeka mkubwa, wanawake nyuma ya nyumba. Mama yake Swaleh, Mama Zainabu, alinipokea kwa mikono miwili. Begi langu lilinitangulia kwa harufu. Alilifungua, akawatoa wale samaki, akawainua ili wanawake wote wawaone.

"Mmeona? Rafiki wa mwanangu ametoka Kampala, hakuja mkono mtupu."

Nikapewa kisra, mkate wao mwembamba, na mchuzi wa bamia, nikala nikiwa nimeinama.

Watu wa nje walipoondoka, Mzee Taban alituita sebuleni, mimi na Mama Zainabu tu. Ni mtu mfupi, aliyenyooka, shati limepigwa pasi mistari minne. Aliweka mezani kopo la biskuti, akalifungua kama mtu anayefungua msahafu. Ndani mlikuwa na mashine ya Swaleh, imefungwa kitambaa safi. Pembeni yake betri nne kubwa, kila moja kwenye karatasi yake. Na pembeni ya hizo, kwenye kipande cha pamba, betri moja ndogo ya duara.

"Ulisema zote," aliniambia. "Hizi nne ni rahisi, mtoto anaweza. Lakini mimi nikajiuliza, kifaa kama hiki hakiwezi kukosa nyingine ndani. Nikafungua kaseti. Ikatoka kwa ukucha tu, aliyeitengeneza alikuwa na akili. Binti, miaka yote kwa redio, hakuna betri ilinivujia."

Alikuwa anajivunia. Hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kuisimulia vizuri. Kwa siku arobaini, kitu kimoja alichoweza bado kumfanyia mwanawe alikuwa amekifanya, na alikifanya bila dosari.

Nilirudisha betri zote. Mikono ilijua kazi, ikaifanya. Nikawasha. Nafasi ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu. Nilishuka moja moja mpaka ya tisa, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshajua.

"Uko wapi?" aliuliza Mama Zainabu. "Mimi nilimwona akiutunga. Alikuwa ameweka vile vispika masikioni asitusumbue. Alitabasamu. Sikusikia hata kidogo."

Mashine yangu ilikuwa kwenye begi, na wimbo wa nane ndani yake. Nilikuwa nimeshaingiza mkono. Nikautoa.

"Umefutika," nilisema. "Kosa ni langu."

Mzee aliniambia nieleze. Nikaeleza, safari hii yote, polepole: betri ya duara, kushika bila kuandika, askari na hesabu kichwani. Alikuwa mtu wa redio; alifika mwisho kabla yangu.

"Kwa hiyo nimemwondoa askari kabla ya makabidhiano."

"Mimi ndiye niliyetoa amri, Mzee."

"Amri ilisema zote."

"Ndiyo. Ilipaswa kusema nne."

Mama Zainabu alisimama, akatoka nje. Tulimsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mzee aliishika ile kaseti, akaigeuza mkononi. Sikumwona akilia. Niliona tu mstari mmoja wa shati ukitetemeka.

"Zingine unazo?" aliuliza hatimaye.

"Nane."

"Zirudishe humu. Ya tisa usijaze. Iache hivyo hivyo."

Nilizirudisha. Tukazisikiliza zote, na katika wimbo wa tano Mama Zainabu alirudi akasimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi.

Kisha mzee alileta daftari na kalamu. "Jeshini amri ikikosewa," alisema, "inaandikwa upya, ili wa zamu ya kesho asikosee. Andika. Fupi. Mtu mwenye msiba aielewe."

Niliandika. Alisoma, akaisukuma. "Ndefu. Mtu mwenye msiba hawezi kusoma hii." Niliandika tena. "Bado unaeleza." Ya tatu aliisoma mara mbili, akaichana kwenye daftari, akaibandika ndani ya kifuniko cha kopo. Akaniagiza niipeleke Kampala pia.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na kitu. Kizuizini askari walikuwa wengine, begi lilifunguliwa, harufu ya samaki ikalifunga.

Kwa hiyo hapana, sikurudi nao. Gemu yetu itatoka hivyo hivyo. Ukifika hatua ya tisa, tiara itashuka ziwani kimya kabisa. Usidhani spika yako imekufa. Kabla ya hapo, chukua kila kaseti uliyo nayo, na kila simu na redio ya mtu uliyempenda, na uifanyie kama ilivyoandikwa kwenye kopo lile Koboko:

Usitoe betri kabla ya kunakili kilichomo. Kama hujui kunakili, usiguse. Mwite anayejua, na umwambie aje leo.